Viwavijeshi ni wa Aina Ngapi? Somo la Majina ya Nondo na Uyoga



Leo tutasoma juu ya majina. Si majina ya watu, bali majina ya nondo na uyoga. Pengine utauliza, "Mimi mkulima, majina ya nondo yatanisaidia nini?" Subiri kidogo. Mdudu akikosewa jina, dawa nayo hukosewa. Na uyoga ukikosewa jina, watu wanaweza kufa nyumba nzima.

Tuanze na mahindi.

MDUDU ALIYEINGIA MWAKA 2017

Mwaka 2017 wakulima wa sehemu nyingi za Tanzania waliona mahindi yao yameliwa vibaya. Majani yalikuwa na matundu na yamechanikachanika. Mtu akichungulia katikati ya mhindi, pale majani machanga yanapochomoza, aliona uchafu kama unga wa mbao uliolowa maji. Watu wakasema, "Viwavijeshi wamerudi." Maana viwavijeshi tunawajua toka enzi za babu zetu.

Kumbe hawa hawakuwa wale.

Viwavijeshi wa zamani ni wenyeji wa Afrika. Hutokea kwa ghafla baada ya mvua za kwanza. Wakiwa wengi huwa weusi, na hutembea pamoja kama askari, ndiyo maana wakaitwa jeshi. Chakula chao ni nyasi na mazao ya jamii ya nyasi: mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano, na majani ya malisho. Shamba la maharage au mihogo lililo karibu huliacha. Wakishiba na kukomaa huingia ardhini wote karibu wakati mmoja. Mkulima huamka asubuhi asione hata mmoja, akadhani wamekufa au wamefukuzwa. Hawakufa. Wamo ndani ya udongo, wanageuka kuwa nondo. Baada ya siku chache nondo hao hutoka, huruka usiku, upepo huwachukua mbali, na mvua inaponyesha huko ndiko wanakotaga mayai. Kwa hiyo viwavi walioonekana kwako leo, watoto wao wataonekana wilaya nyingine kabisa.

Wale wa mwaka 2017 walitoka bara la Amerika. Afrika walionekana mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka 2016, huko upande wa Magharibi, Nigeria na nchi jirani zake. Haukupita muda mrefu wakawa wamefika kwetu. Hawa hupenda mahindi kuliko kitu kingine, lakini hula mimea ya aina zaidi ya 80. Hawatembei kama jeshi mara kwa mara. Hukaa ndani ya moyo wa mhindi na kujifunika kwa kinyesi chao wenyewe, ule uchafu unaofanana na unga wa mbao. Na ukikuta kiwavi mkubwa ndani ya mhindi, mara nyingi ni mmoja tu. Wenzake wako wapi? Amewala. Viwavi hawa hulana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa angalia hasara ya kukosea jina. Mkulima aliyedhani ni viwavijeshi wa zamani alisema, "Nitangoja, baada ya wiki mbili wataondoka." Hawakuondoka. Nondo walitaga tena papo hapo, na msimu ukaisha kiwavi bado yumo. Mwingine alipiga dawa saa sita mchana juu ya majani. Dawa ikakauka juani, kiwavi amelala ndani amejifunika. Fedha imekwenda, mahindi yamekwenda. Dawa ya mdudu huyu hupigwa asubuhi na mapema au jioni, na hulengwa kwenye moyo wa mmea, wakati viwavi wangali wadogo. Mtu asiye na fedha ya dawa hupita shambani mara kwa mara na kupondaponda mayai. Mayai hayo hukaa kwa mafungu juu ya jani, yamefunikwa na manyoya kama pamba chafu. Kazi hiyo inachosha, lakini inasaidia ikiwa shamba ni dogo. Kuhusu aina ya dawa na kipimo chake, muulize bwana shamba wako.

Utamtambuaje? Mtoe kiwavi, mweke juu ya jani, mtazame kwa makini. Kichwani ana alama nyeupe kama herufi Y iliyopinduliwa. Lakini alama hiyo peke yake inaweza kukudanganya, maana ndugu zake wengine nao wana alama inayofanana. Kwa hiyo tazama nyuma. Karibu na mkia, kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, juu ya mgongo, ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba. Ukiyaona madoa hayo manne pamoja na ile Y, basi ndiye. Hapa ndipo kujua herufi kunapomsaidia mtu hata shambani.

KIBABA NA KILO

Kwa Kiswahili mdudu wa pili ameitwa kiwavijeshi vamizi, yaani aliyevamia. Ni jina zuri. Lakini Mnigeria hajui Kiswahili, na Mbrazili hajui Kiswahili wala Kihausa. Hata hapa nchini, mdudu mmoja ana jina moja kwa Wasukuma, jingine kwa Wahehe, jingine kwa Wamakonde. Na mara nyingine jina moja hubeba wadudu wengi. Chukua bungua wa mahindi, yule anayetoboa bua. Watu husema "bungua" tu, kumbe wako wa aina zaidi ya moja. Mmoja ni mwenyeji wa Afrika, mwingine alikuja kutoka Asia.

Majina ya namna hii ni kama kibaba. Kibaba cha hapa si lazima kilingane na kibaba cha kijiji cha pili. Ndiyo maana kwenye biashara kubwa watu hutumia kilo. Kilo ya Mwanza ni kilo ya Mombasa na ni kilo ya Brazili. Wataalamu wa viumbe nao walihitaji kilo yao. Kilo hiyo ndiyo tunayoiita jina la kisayansi.

Aliyeanzisha utaratibu huu alikuwa daktari na mwalimu wa nchi ya Sweden, jina lake Carl Linnaeus. Alizaliwa mwaka 1707 akafa mwaka 1778. Kabla yake wataalamu walikuwa wakiita mmea kwa maneno mengi ya Kilatini, karibu sentensi nzima, kama vile mtu aseme "mmea mwenye majani mapana na maua meupe unaoota penye maji." Nani atakumbuka? Linnaeus akasema, majina mawili yatosha. Mwaka 1753 alitoa kitabu cha mimea, na mwaka 1758 alitoa kitabu cha wanyama, kila kiumbe na majina yake mawili. Alichagua Kilatini kwa sababu ndiyo lugha iliyotumiwa na wasomi wa Ulaya wakati ule. Leo faida yake ni nyingine: Kilatini si lugha ya kuzungumza ya taifa lolote, basi hakuna anayeweza kusema kwamba amependelewa au ameonewa.

Kiwavijeshi wetu wa zamani anaitwa Spodoptera exempta. Tamka polepole: Spo-do-pte-ra e-kse-mpta. Kiwavijeshi vamizi anaitwa Spodoptera frugiperda: Spo-do-pte-ra fru-gi-pe-rda. Soma tena kwa sauti. Usiogope. Majina haya si magumu kuliko jina la dawa ya ng'ombe unalolisoma kwenye chupa.

Unaona kwamba neno la kwanza ni moja kwa wote wawili. Hilo ni jina la ukoo. Neno la pili ni la mwenyewe. Sisi husema Hamisi Juma, jina la mwana kwanza, la baba baadaye. Wataalamu hufanya kinyume, ukoo hutangulia. Neno la kwanza huanza kwa herufi kubwa, la pili huandikwa lote kwa herufi ndogo. Katika vitabu majina haya huchapwa kwa herufi za kulala, na ukiandika kwa mkono unayapigia mstari chini.

Majina haya mengi yana maana. Spodoptera maana yake ni mwenye mabawa ya majivu, kwa sababu nondo wake ana rangi ya kijivu kama jivu la jikoni. Frugiperda maana yake ni mpotezaji wa mavuno. Aliyempa jina hilo mwaka 1797 hakukosea hata kidogo.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Mdudu huyu alipewa jina mwaka 1797. Toka hapo watu wa Amerika walikuwa wakimwandika kwa jina hilo: anakula nini, anataga lini, adui zake ni nani, dawa gani amekwisha kuizoea. Alipoonekana Afrika mwaka 2016, wataalamu walimchunguza wakasema, "Huyu ni Spodoptera frugiperda." Mara moja maandishi ya zaidi ya miaka 200 yakawa mikononi mwao. Kama wangemwita tu "yule mdudu mpya," wangeanza kujifunza upya kama mtu asiyejua kusoma.

ANWANI YA NONDO

Majina mawili ni mwisho wa safari ndefu. Wewe ukiandikiwa barua kutoka nchi za mbali, barua hutafuta kwanza nchi, halafu mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji, mpaka kitongoji chako. Ngazi saba. Viumbe nao wamepangiwa ngazi saba. Kwa Kiswahili zinaitwa himaya, faila, ngeli, oda, familia, jenasi na spishi. Jenasi ndiyo ule ukoo, na spishi ndiye mwenyewe.

Tumfuate kiwavijeshi vamizi. Himaya yake ni ya wanyama. Ndiyo, mdudu naye ni mnyama katika hesabu hii, ingawa nyama yake haiuzwi buchani. Faila yake ni ya wenye ganda la nje na miguu ya viungo, pamoja na buibui, kaa na jongoo. Ngeli yake ni ya wadudu, wenye miguu sita wakishakua. Oda yake inaitwa Lepidoptera, maana yake mabawa yenye magamba. Ukimshika nondo, vidoleni hubaki vumbi. Lile si vumbi, ni magamba madogo sana yaliyopangwa kama vigae vya paa. Vipepeo nao wana magamba hayo, kwa hiyo nondo na kipepeo wamo katika oda moja. Familia yake ni Noctuidae, jina lililotokana na neno la Kilatini la usiku. Jenasi Spodoptera. Spishi frugiperda. Tumefika kitongojini.

Kuna watu huchanganya nondo na kipepeo. Tazama zile pembe mbili za kichwani. Za kipepeo zina kirungu mwishoni, kama njiti ya kiberiti. Za nondo wengi hazina kirungu, ni kama uzi au kama unyoya. Tena nondo wengi huruka usiku na kuzunguka taa. (Simaanishi ile nondo ya chuma ya kujengea nyumba.) Na kumbuka kwamba kiwavi na nondo ni kiumbe kimoja chenye jina moja la kisayansi. Yai huangua kiwavi, kiwavi hugeuka pupa, pupa hutoka nondo. Wa shambani anayekula mahindi ni kiwavi tu. Nondo mwenyewe hunywa maji matamu ya maua. Tusiwachukie nondo wote pia. Hariri inatokana na kiwavi wa nondo aitwaye Bombyx mori. Linnaeus alimpa jina hilo mwaka 1758, na hilo mori linatokana na mti wa mforosadi, ambao majani yake ndiyo chakula chake.

Mtu anaweza kuuliza, "Je, majina haya hayabadiliki?" Hubadilika mara nyingine, na hili huwaudhi hata wataalamu. Vitabu vya zamani vya kilimo vya Afrika Mashariki vilimwita kiwavijeshi wetu Laphygma exempta. Baadaye wachunguzi wakaona kwamba ukoo wa Laphygma na ukoo wa Spodoptera ni ukoo mmoja, wakawaunganisha. Jina la ukoo likabadilika, lakini exempta likabaki. Ni kama binti aliyeolewa: anaitwa kwa jina la mume, lakini jina alilopewa na wazazi wake analo. Kuna sheria za kimataifa za jambo hili. Jina lililotangazwa kwanza ndilo lenye haki. Na kila anayetoa jina jipya hana budi kuweka mfano wa kiumbe chenyewe katika nyumba ya makumbusho, ili anayebisha aende kuulinganisha. Ni kama yale mawe ya mizani ya serikali, ambayo mizani ya wafanyabiashara hupimwa nayo.

UYOGA SI MBOGA

Sasa tuje kwenye uyoga. Hapa natumaini utasoma polepole, maana jambo lenyewe ni la uhai.

Zamani wataalamu waliuweka uyoga pamoja na mimea. Linnaeus mwenyewe aliuweka humo. Ni rahisi kuelewa kwa nini: unaota ardhini, hautembei. Lakini uyoga hauna rangi ile ya kijani inayowezesha mmea kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Uyoga hula vitu vilivyooza, au hukaa kwenye mizizi ya miti na kubadilishana nayo chakula. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani aitwaye Robert Whittaker alipanga viumbe katika himaya tano, akaipa kuvu himaya yake yenyewe. Mpango wake umebadilishwa sehemu nyingine, lakini hili la kuvu limebaki. Ajabu ni kwamba ngozi ya kuvu imejengwa kwa kitu kilekile kilichojenga ganda la wadudu, yaani kitini. Katika jambo hilo uyoga unafanana zaidi na nondo kuliko mchicha!

Uyoga tunaouona ni kama tunda tu. Kuvu yenyewe ni nyuzinyuzi nyembamba zilizo ndani ya udongo au ndani ya mti. Katika himaya hii wamo pia ukungu wa ugali uliolala, na hamira, na ile kuvu ya mahindi na karanga inayoleta sumukuvu. Hiyo ya sumukuvu inaitwa Aspergillus flavus. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya chakula chenye sumu hiyo. Basi kausha mahindi vizuri, nafaka yenye kuvu usile.

Uyoga unaopendwa kuliko wote vijijini ni ule wa vichuguu. Jenasi yake ni Termitomyces, jina lililotolewa na Mfaransa Roger Heim mwaka 1942. Maana yake ni uyoga wa mchwa. Mchwa ni wakulima kama sisi. Hukata majani na miti mikavu, hupeleka ndani ya kichuguu, hutengeneza kitu kama sega, na juu yake hulima kuvu. Kuvu hulainisha chakula, mchwa hula. Mvua zikinyesha, kuvu hiyo husukuma uyoga juu, nasi tunaona riziki imeota. Ukichimba taratibu utaona shina limeshuka chini kama mzizi mrefu mpaka kwenye sega la mchwa. Hiyo ni alama yake kubwa. Wapo wadogo kama kifungo cha shati wanaoota kwa mamia, na wapo wakubwa. Mkubwa kupita wote, Termitomyces titanicus, kofia yake inaweza kufika upana wa meta 1. Wataalamu waliupa jina hilo mwaka 1980 kutoka Zambia. Watu wa huko hawakungoja mwaka 1980. Walikuwa wakiula na kuuza barabarani siku nyingi, na wana jina lao. Kwa maoni yangu, mtaalamu mwema ni yule anayewauliza wazee kwanza. Hivyo ndivyo walivyofanya Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2003 walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania, unaoliwa na wenye madhara.

Sasa hatari. Iko jenasi iitwayo Amanita. Tamka: A-ma-ni-ta. Katika misitu ya miombo kuna Amanita zambiana, uyoga mkubwa mweupe unaoliwa na watu wengi wa Zambia, Malawi na kwetu. Ni mtamu. Lakini katika ukoo huohuo kuna Amanita phalloides, ambao unaua watu wengi kuliko uyoga mwingine wowote duniani. Kwao ni Ulaya. Umesafiri pamoja na miti iliyopandwa, na hapa Tanzania umeonekana kwenye mashamba ya misonobari, ile ambayo wengine huiita mipaini. Kofia yake ni ya kijanikijani au manjano iliyofifia. Chini ya kofia vile vijisahani vyake ni vyeupe. Shina lina pete, na chini kabisa, ndani ya udongo, limekaa ndani ya kitu kama kikombe au mfuko.

Sikiliza vizuri hapo. Kile kikombe cha chini kinakuonyesha kwamba umeshika Amanita. Hakikuambii kama ni ule wa kula au ule wa kuua, maana wote wawili wana kikombe. Jina la ukoo si cheti cha tabia njema. Katika nyumba moja hutoka shehe na hutoka mwizi. Mtu anayekata uyoga kwa kisu juu ya udongo hukiacha kikombe ardhini, hivyo hana hata alama ya ukoo. Chimbua uyoga mzima kwa kijiti, uutazame kuanzia kofia hadi chini.

Sumu ya Amanita phalloides haitoki kwa kupika, wala kukausha, wala kumwaga maji ya kwanza. Na ina hila. Aliyekula haumwi upesi. Saa 6 mpaka 24 hupita akiwa mzima, na wakati huo wengine nyumbani wamekwisha kula kiporo. Halafu hutapika na kuhara sana. Baadaye, pengine siku ya pili, hupata nafuu. Watu husema, "Mungu ni mwema, amepona." Hajapona. Sumu imo kwenye ini, inaliharibu, na baada ya siku chache anaweza kufa. Kwa hiyo mtu akitapika baada ya kula uyoga, hata kama ni kesho yake, mpeleke hospitali papo hapo, nafuu isikudanganye. Wote waliokula chungu kimoja waende, hata asiyeumwa. Chukueni na mabaki ya uyoga, yafungeni kwenye karatasi, msitupe. Mganga akiujua uyoga wenyewe, atajua anapambana na nini.

Mwingine wa kuuangalia ni Chlorophyllum molybdites. Huota kwenye nyasi, uwanjani na kando ya mashamba, mkubwa na mweupe wenye magamba ya kahawia, na watu huudhania kuwa wa kichuguu. Huu kwa kawaida hauui, lakini utakuhangaisha kwa kutapika na kuhara. Vijisahani vyake vikikomaa hugeuka rangi ya kijani. Ukiona kijani hapo chini, acha.

Wako wanaosema, "Uyoga ulioliwa na wadudu ni salama." Si kweli. Konokono na funza hula uyoga wenye sumu bila kudhurika. Wengine hupika pamoja na kitunguu au kutumbukiza kijiko cha fedha, eti kikibadilika rangi ndipo pana sumu. Si kweli hata kidogo. Hakuna jaribio la jikoni linalotenga uyoga mbaya na mzuri. Kinga ni moja: kula ule tu unaoujua kwa jina, uliooneshwa na mtu anayeufahamu, na uliowahi kuliwa hapohapo mlipo. Hilo la mwisho ni muhimu kwa waliohama. Uyoga wa kwenu na uyoga wa ugenini unaweza kufanana sura na kutofautiana sumu.

JARIBIO LA KUFANYA DARASANI

Mtaalamu mwingine wa Sweden, Elias Fries, alianza kuchapisha vitabu vyake vikubwa juu ya uyoga mwaka 1821. Alipanga uyoga kwa kutazama rangi ya ungaunga unaodondoka chini ya kofia. Ungaunga huo ndio mbegu zake. Nanyi mnaweza kufanya hivyo. Kata kofia ya uyoga uliokomaa, uiweke juu ya karatasi, upande wa vijisahani chini, nusu ya kofia juu ya karatasi nyeupe na nusu juu ya karatasi ya rangi nzito. Funika kwa bakuli mpaka asubuhi. Ukifunua utakuta mchoro wa ajabu. Uyoga wa kichuguu huacha unga wenye wekunduwekundu uliofifia. Amanita huacha unga mweupe. Ule wa kwenye nyasi huacha wa kijani. Jaribio hili ni la kujifunza kupanga uyoga katika koo zake tu. Lisitumike kuamua cha kula. Bakuli lioshwe vizuri, na mikono pia.

MASWALI

Someni kwanza wenyewe, halafu mjadiliane na mwalimu wenu wa kisomo.

1. Andika kwa mkono jina la kisayansi la kiwavijeshi vamizi. Je, umekumbuka herufi kubwa, herufi ndogo na mstari wa chini?

2. Jirani amepiga dawa saa sita mchana na viwavi hawakufa. Mweleze kwa nini.

3. Katika kijiji chenu, uyoga mmoja una majina mangapi kwa lugha za makabila yaliyopo? Waulizeni wazee, mwandike yote.

4. Mtoto ameleta uyoga wenye kikombe chini ya shina. Dada yake anasema, "Tupike, ni ukoo wa ule tuliokula mwaka jana." Utamjibu nini?